Mazoezi ya ngoma za Kirusi, Voronezh: masaa manne ya fujo, kijana kaumia goti, bibi wa watu kaachwa amekaa na koti lake

Wakuu, salamu. Nimerudi kutoka ukumbini saa tano hii ya usiku na silali kabla sijalitoa hili moyoni. Mliosoma Urusi mtanielewa upesi, wengine nitawaeleza taratibu muone kosa liko wapi.

Niko Voronezh, mwaka wa tatu. Tangu mwaka jana napiga balalaika kontrabasi katika kikundi cha muziki na ngoma za asili za Kirusi, kikundi cha ridhaa, wanafunzi tumechanganyika na watu wa mtaani. Balalaika ni chombo cha nyuzi cha Kirusi, na kontrabasi ni ile kubwa ya pembetatu inayosimama sakafuni kwa mguu wa chuma, unaipiga kwa kipande cha ngozi nene. Naipenda mno. Jumamosi tunapanda jukwaani kwa Maslenitsa, wiki yao ya chapati za maji kabla ya Kwaresima, na leo ndiyo yalikuwa mazoezi ya mwisho ya wote pamoja. Tuliitwa saa kumi na mbili jioni.

Mpiga bayani kaja saa moja na nusu.

Asiyejua ataona ni kuchelewa tu. Bayani ni kodiani ya vitufe, sauti yake inatoka kwenye ndimi za chuma zilizomo ndani, huwezi kuikaza wala kuilegeza pale ukumbini. Sisi wa nyuzi, balalaika na domra (nayo ni chombo cha nyuzi cha Kirusi), ndio tunaoifuata. Nimekulia Ng'ambo, Unguja, jirani na kilabu cha taarabu, na hata mtoto pale anajua fidla haigusi wimbo mpaka imelingana na kodiani. Sasa mkuu wetu akaamuru tulinganishe kwa programu ya simu, 440, yaani kipimo cha kawaida cha sauti ya kulinganishia vyombo. Nikamwambia kwa heshima zote, nikamwita kwa jina lake na la baba yake kama inavyotakiwa huku, kwamba bayani yetu iko juu kidogo ya hapo. Akanipungia mkono ninyamaze, akarudi kwenye simu yake. Na vyombo ndiyo kwanza vimeingia kutoka kwenye baridi ya digrii 15 chini ya sifuri! Mbao ya kontrabasi ilikuwa kama jiwe la barafu. Chombo cha hivyo kinaachwa kipate joto kwanza, la sivyo kila dakika tano nyuzi zimehama. Bayani ilipofika tukaanza upya wote. Saa mbili kasorobo hatujapiga hata wimbo mmoja, na watoto wamepewa treshchotka, vile vibao vilivyofungwa kamba, wanavikatakata nyuma yetu kama mvua ya mawe juu ya bati. Hakuna mtu mzima aliyewazuia.

Likaja suala la ngoma. Barynya, ngoma yao moja ya asili, inaanza taratibu na kupanda kidogo kidogo mpaka miguu haionekani. Huyu bwana wa bayani, kwa kuwa amechelewa na ana haraka ya kuondoka, akaingia moja kwa moja na mwendo wa mwisho. Mwalimu wa ngoma akapiga kelele asimame. Hakusimama. Wakaanza kurushiana maneno mbele ya watoto, yeye anabishana na vidole viko kwenye vitufe. Wasichana wa duara, khorovod, nusu wamefundishwa kutokea kulia na nusu kushoto, kwa sababu walimu wawili wamefundisha siku tofauti na hawakuulizana. Wakagongana katikati. Sarafani, magauni yao marefu ya asili, zinafika sakafuni, mmoja akakanyaga ya mwenzake, mshono ukaachia mpaka kiunoni.

Halafu prisyadka. Mnaijua, ile ya kuchuchumaa na kurusha miguu mbele. Magoti yanabeba mwili mzima, lazima yapashwe moto. Wavulana walikuwa wamekaa kwenye viti kwa karibu masaa mawili wakisubiri, wameganda, wakaambiwa inukeni, chezeni, muda umekwisha. Kijana wa mwaka wa kwanza kashuka mara ya tatu, hakuinuka. Nilisikia alivyovuta pumzi. Goti limevimba kama embe bolibo, na mkuu akasema mpelekeni pembeni, tuendelee. Pembeni! Barafu nimemchukulia mimi nje, theluji ndani ya soksi yangu.

Lakini lililonichoma hasa ni la bibi.

Tuna bibi wa zaidi ya miaka sabini anayekuja na basi kutoka kijijini kutufundisha nyimbo za kwao. Anaimba kwa koo wazi, sauti inatoka kifuani imenyooka, ukumbi mzima unaijaza bila maikrofoni. Mwalimu wa kwaya kila siku anawataka wasichana waifunge sauti hiyo, waipambe kama ya opera, na bibi anavumilia. Leo alifika kabla yetu sote. Akakaa kando ya kipasha joto na koti lake na kitambaa chake, mfuko mapajani, masaa matatu na zaidi. Hakuna aliyempa hata chai. Saa tatu unusu akauliza kwa upole, "Mwanangu, sisi tutaimba saa ngapi?" Mkuu akamjibu bila kumtazama kwamba hizo ni nyimbo za kijijini tu, hazihitaji mazoezi, mavazi yakipendeza watu watapiga makofi.

Nyimbo za kijijini tu. Mitrofan Pyatnitsky alizaliwa mkoa huu huu. Mwaka 1911 aliwapandisha jukwaani Moscow wakulima wenyewe, kutoka Voronezh, Ryazan na Smolensk, waimbe kama wanavyoimba kwao, na kwaya yenye jina lake ipo mpaka leo. Balalaika yenyewe ilikuwa kichombo cha kudharauliwa mpaka Vasily Andreyev akaitengeneza upya na kuipandisha jukwaani mwaka 1888. Watu walihangaika kiasi hicho, leo anakuja mtu aliyepewa ofisi na ufunguo wa ukumbi anamwambia mwenye nyimbo zake kwamba nyimbo zake hazina kazi. Dharau hii naijua, nimeiona nyumbani kwa wacheza ngoma wanaosimamishwa juani kumsubiri mgeni rasmi.

Bibi hakuimba. Gari la mwisho la kijijini kwao lilikuwa limeshaondoka, amelala kwa dada anayepiga domra. Kijana wa goti tumempeleka kwa teksi, tumechanga wanne.

Kesho saa tatu asubuhi tunapeleka barua kwa uongozi wa jumba la utamaduni, tumesaini saba. Tunataka bayani ifike ya kwanza, wachezaji wapashwe viungo, na Jumamosi bibi aimbe kwa sauti yake, wa mwanzo kabisa. Aliyewahi kuandika malalamiko rasmi kwa Kirusi anisaidie usiku huu namna ya kufungua barua, PM iko wazi.