Naomba ushauri: mlinganyo wenye mabano ndani ya mabano unatupa majibu tofauti

Mleta mada:
Wakuu, naomba msaada wenu. Ninamsaidia mdogo wangu aljebra, na tumekwama kwenye mlinganyo huu:

5 − 2[3x − (x − 4)] = 3(1 − x)

Mara ya kwanza alipata x = 10, aliporudia akapata x = −1, ilhali kitabu kinasema jibu ni −6. Kanuni ya MAGAZIJUTO (mpangilio wa kukokotoa: mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa) anaijua vizuri, lakini ananiuliza, nami sina la kumjibu, mabano yatatanguliaje wakati x − 4 haitoleki kwa kuwa x haijulikani.

Mchangiaji wa kwanza:
Swali lake ni zito kuliko hesabu yenyewe. Pale ambapo kilicho ndani ya mabano hakikokotoleki, tunayafungua kwa kuzidisha kila kilichomo kwa kile kilichotangulia mbele yake. Mbele ya (x − 4) kuna alama ya kutoa, ambayo ni sawa na kuzidisha kwa −1, hivyo x inakuwa −x na −4 inakuwa +4. Ile 10 imetokana na hapo: aligeuza alama ya x, akaiacha −4 ilivyo. Ndani ya mabano ya mraba panapaswa kubaki 2x + 4, wala si 2x − 4.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, na hiyo −1 nayo ina chanzo chake: alitoa 2 kwenye 5, akapata 3, kisha akazidisha mabano kwa 3. Ile 2 ni ya mabano, na kuzidisha hutangulia kutoa. Aichukue pamoja na alama yake, yaani −2, ndipo aandike:

5 − 4x − 8 = 3 − 3x
−4x − 3 = 3 − 3x
x = −6

Kisha ahakiki kwa kuweka −6 mahali pa x katika mlinganyo wa awali, si katika mstari wa katikati ambao huenda tayari una kosa. Pande zote mbili zitatoa 21. Akiweka 10, kushoto atapata −43 na kulia −27.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi sioni ulazima wa kuanzia ndani. Akianzia nje atapata 5 − 6x + 2(x − 4), na mwishoni ni −4x − 3 ileile. Ila njia hiyo inamtaka azidishe −2 kwa alama ya kutoa iliyo ndani, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo kwa sasa aendelee kuanzia ndani.

Mleta mada:
Asanteni sana, ameelewa. Upo mwingine: 2[x − (3 − x)] = 4x − 6. Hapa x imetoweka kabisa, akabaki na −6 = −6. Amekosea wapi?

Mchangiaji wa pili:
Hajakosea popote. Pande hizo mbili ni kitu kimoja, kwa hiyo namba yoyote atakayoiweka mahali pa x itakuwa jibu sahihi. Kama kulia kungekuwa na 4x − 5, angebaki na −6 = −5, na mlinganyo huo usingekuwa na jibu hata moja.