Muvi ya Krismasi mbele ya mama mkwe: A Christmas Prince, The Princess Switch au The Christmas Card? Wa Kigoma na Tabora njooni hapa

MamaKeki_Mwanga:
Habari zenu wakuu. Mama mkwe anashuka toka Kasulu kuja kula sikukuu kwetu hapa Mwanga, wifi nae anakuja na wanae, sebule itajaa. Mwaka jana rimoti alishika mume wangu akaweka muvi ya kupigana, mama muda wote kajifunika kitenge usoni anauliza "wamemaliza kuuana?", mwaka huu nimesema rimoti naishika mimi. Kijana wa laibrari kaniwekea tatu kwenye flashi, zote mapenzi ya Krismasi.

A Christmas Prince, ya Netflix ya 2017. Dada mwandishi wa New York anatumwa nchi inaitwa Aldovia (msiitafute kwenye ramani, haipo) kumchunguza mtoto wa mfalme, akifika ikulu wanadhani ndo mwalimu mpya wa binti mfalme na yeye anakausha tu.

The Princess Switch, 2018, nayo Netflix. Muoka keki wa Chicago anaenda kwenye mashindano ya keki nchi nyingine ambayo nayo haipo, anakutana na mwanamke wa kitajiri wanafanana kila kitu, wanabadilishana maisha siku mbili. Wote wawili kaigiza Vanessa Hudgens peke yake.

The Christmas Card ndo ya zamani, 2006, ya chaneli ya Hallmark, hiyo ni ya tivii kabisa. Askari wa Marekani yuko Afghanistan anapata kadi ya Krismasi kutoka kwa dada asiyemjua, akipata likizo anaenda mpaka mji wa yule dada.

Sasa mama Kiingereza hajui, mtafsiri ni mimi huku naangalia pilau lisiungue, na watoto wapo. Na jambo kubwa zaidi mnalijua wenyewe, NI MAMA MKWE. Sitaki kitu cha kunifanya niinuke ghafla kwenda kuchungulia jiko ambalo halina kitu. Mnanishauri ipi?

EmbeDodo_TBR:
Mwangaluka dada. Mi niko Tabora huku Cheyo, nakwambia weka The Christmas Card ufunge mjadala. Mume wangu ni mwanajeshi, alishawahi kwenda misheni Kongo, kwaiyo hiyo muvi nikiiangalia siko sawa kabisa. Kuna kitu wamekipatia, yule askari haendi pale kujitangaza, hata kadi hamwambii yule dada kwamba ndo iliyomleta, anakaa nayo tu mfukoni. Anamuokoa baba yake dada asigongwe na gari, mzee anamkaribisha nyumbani, anapewa kazi kwenye mbao za familia, mapenzi yanaingia polepole wakati dada ana mchumba wake tayari. Huyo mzee ni Ed Asner, na kwa hiyo muvi aliteuliwa kugombea tuzo ya Emmy, sio muvi nyingi za Krismasi za tivii zinafika huko. Ile familia inavyokaa mezani mama mkwe ataielewa hata usipotafsiri.

Gungu_Finest:
Zote tatu ni muvi moja wakuu mnadanganyana. Mdada wa mjini yuko bize na kazi, anafika sehemu ina theluji, anakutana na mkaka mpole amefiwa na mtu, wanagombana dakika ya sitini, wanakisiana dakika ya mwisho, theluji inadondoka, mwisho. Na ile theluji yenyewe feki, nyingi za Hallmark wanashutia Kanada na mara kibao ni kiangazi, mtu kavaa koti la manyoya anatoka jasho. Wiki mbili tatu wamemaliza kushuti. Dada weka muvi ya Kibongo mama aelewe bila mkalimani.

BintiUjiji:
@Gungu_Finest we umejuaje hadi dakika ya sitini kama huziangalii 😂😂

Mi Muislamu, Krismasi sisi Ujiji tunaletewa pilau na majirani na Idi tunawarudishia, ila hizi muvi naziangalia kuanzia mwezi wa kumi na moja na sioni haya. Kwani mwisho kuujua kuna ubaya gani? Kwaya inaimbwa kila mwaka kiitikio kilekile na watu wanasimama wanapiga makofi. Ukishajua steringi watapatana, roho inatulia, unaanza kuangalia vitu vingine, magauni, keki, mama mfalme anavyomkata mtu jicho. Na zimeandikwa hivyo makusudi, kule Hallmark muvi inakatwa na matangazo kila baada ya muda, kwaiyo kabla ya kila tangazo lazima kitokee kitu cha kukufanya usihame. Hebu angalieni kwa makini, kila dakika kumi hivi mtu anafungua mlango akiwa na sura ya mshtuko.

Dada MamaKeki, jibu langu ni Princess Switch. Adabu ipo, hakuna kitanda, busu tu na lenyewe la haraka. We mwenyewe muoka keki, unatafuta nini tena?

MamaKeki_Mwanga:
@BintiUjiji hilo la busu la haraka ndo nilikuwa nataka kusikia 🙏 Ila hofu yangu Princess Switch ni kutafsiri. Mwanamke mmoja sura mbili, afu kila mmoja anaitwa jina la mwenzie, mama si ataniuliza kila dakika "huyu ni yule au ni mwingine?"

BintiUjiji:
Mwambie ni mapacha waliopotezana. Imeisha hiyo.

MzeeWaIsevya:
Wanangu, binti zangu walinilazimisha kuiangalia hiyo ya Prince na nina la kusema. Sisi huku Unyamwezini utemi tunaujua, tumesimuliwa habari za Mirambo tangu wadogo. Hiyo muvi inasema mfalme amefariki, mtoto lazima atawazwe Krismasi la sivyo kiti kinaenda kwa binamu yake Simon ambaye ukimuona tu unajua ni adui. Siku ya kutawazwa inafichuka kwamba huyo kijana Richard hakuzaliwa na malkia, aliasiliwa. Vurugu. Halafu suluhisho ni nini? Karatasi ya mfalme marehemu imefichwa ndani ya pambo la Krismasi lenye umbo la tunda! Hati ya ufalme mzima! Hakuna mzee wa baraza hata mmoja aliyeambiwa, hakuna shahidi, na mke wake malkia yupo hapohapo hajui. Mfalme gani huyo. Wasia unawekwa mbele ya watu.

Lakini nitasema ukweli, suala la mtoto wa kuasili pale limezungumzwa vizuri. Malkia anasema huyu ni mwanangu basi. Nyumba zetu nyingi zina mtoto wa namna hiyo na halizungumzwi sebuleni. Kama katika familia yenu lipo, fikiria kwanza kabla ya kuiweka mbele ya watoto, linaweza kuleta maswali mezani.

MamaKeki_Mwanga:
Shikamoo mzee wangu. Hapo umenigusa pabaya kwasababu kwetu lipo, sitasema zaidi. Hilo sikulifikiria kabisa. Prince inaanza kushuka daraja.

MzeeWaIsevya:
Marahaba mama.

Mgebuka_Mbichi:
Wakuu msimchinjie Prince mapema. Yule binti mdogo Emily ndo anabeba muvi nzima, ana tatizo la uti wa mgongo la kuzaliwa, anatembelea magongo, na hawajamfanya wa kuonewa huruma, mtundu kupita wote, yeye ndo anamgundua yule mwalimu feki na badala ya kumchoma anamwambia andika ukweli kuhusu sisi. Nina mdogo wangu ana hali inayofanana, alivyomuona alirudisha nyuma ile sehemu wanaenda kuteleza na kibao kwenye theluji akaiangalia tena na tena. Sisi huku ukimuona mlemavu kwenye muvi ujue anakuja kuponywa kwa maombi dakika za mwisho. Emily anamaliza muvi na magongo yake na maisha yanaendelea.

Na muvi ina watu wake bwana, Desemba 2017 Netflix wenyewe waliandika Twitter wakiwatania watu 53 walioiangalia kila siku kwa siku 18. Kila siku!

SautiYaRedio:
Mi nina kinyongo na steringi wa Prince na ni kikazi. Nipo kwenye redio hapa mkoani. Huyo dada ni mwandishi, kaingia ikulu kwa kudanganya, kamfundisha mtoto wa watu hesabu wakati hajui, kapekua nyaraka za marehemu, yaani maadili yote ya kazi kayakanyaga, afu mwisho anapewa pete. Mi nikienda tu ofisi ya mtu bila barua naambiwa nisubiri nje.

Kwaiyo kwangu Princess Switch ipo juu. Pale uongo wamekubaliana wote wawili, na wote wanaulipia. Ila kuna yule mzee anatokeatokea kila sehemu, mara muuza vitu, mara yuko barabarani, mara kwenye hafla, anatoa ushauri anapotea. Huku kwetu mzee wa hivyo tungeshamuitia kikao.

BintiUjiji:
😂😂😂 kikao na mwenyekiti wa mtaa

EmbeDodo_TBR:
Jamani mmeisahau ya kwangu. Mnaongelea ikulu ikulu, mtu wa kawaida kwenye hizo mbili yuko wapi? Christmas Card watu wanachana mbao, wanaenda kanisani, baba mtu mkorofi kidogo, mchumba anajidai na mambo ya mvinyo. Na mji wenyewe wa kweli, Nevada City huko California, na kuna sehemu walishutia hukohuko. Nyie zenu ikulu ni za Romania, Prince ile ikulu ni kasri la Peleş, wanakwambia Aldovia.

Gungu_Finest:
Hiyo ya mbao nilianza nikalala.

EmbeDodo_TBR:
Kwasababu umezoea risasi kaka yangu.

FundiSimu_Kibirizi:
Dada MamaKeki tuongelee vitu vya maana. Kwanza angalia hizo faili kwenye TV yenyewe sio kwenye simu, TV nyingi za zamani faili kubwa zinagoma au zinatoa picha bila sauti, usije ukagundua siku ya tarehe 25 watu wamekaa. Pili mvua, Desemba hii ikipiga radi upande wa ziwa umeme hauchelewi kuondoka. Ya Hallmark haifiki saa moja na nusu, hizo mbili zinazidi kidogo. Anza mapema kabla mvua ya jioni. Tatu sabtaito za Kiswahili zipo za kudownload lakini nyingi imetafsiri mashine, nimekuta "your highness" imeandikwa "urefu wako".

MamaKeki_Mwanga:
Urefu wako nimecheka mpaka mtoto ameamka 😂 Asante fundi, kesho naijaribu kwenye TV.

Sasa jana usiku nimerudia Princess Switch taratibu na niwaambie kilichonishika. Kwenye mashindano kuna mshindani mbaya anaitwa Brianna, anakata waya wa mikisa ya steringi. Muziki unabadilika, watu wanashika midomo, oooh atafanyaje. Jamani! Anachukua bakuli anachapa kwa mkono. Hiyo ndo hatari yenyewe? Mimi toka nianze biashara hii nasaga siagi na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe, bega linawaka, naoka kwenye sufuria kubwa nimeweka mchanga chini na mkaa juu ya mfuniko, na ukizidisha mkaa juu keki inapasuka katikati, ukipunguza inabaki mbichi ndani, na harusi ni saa nane. Brianna angekuja Mwanga akate waya gani? Mume wangu alikuwa pembeni akasema hiyo sehemu mama ataipenda, atakuonyesha kidole anasema "si kama wewe". Na kweli mama ndo alinikopesha mtaji wa unga.

Mgebuka_Mbichi:
Basi umeshapata jibu dada, Princess Switch. Na kuna sehemu humo ndani wanakaa kwenye kochi wanaangalia A Christmas Prince kwenye Netflix, kwaiyo utakuwa umeziangalia mbili kwa mpigo 😂

SautiYaRedio:
Kura yangu hapohapo.

MzeeWaIsevya:
Mimi kwa heshima ya huyo mama mwenye mume jeshini, hiyo ya kadi isiachwe. Mama mkwe ni mtu mzima, habari ya mtoto aliye mbali ataielewa kuliko habari ya keki na mapacha.

MamaKeki_Mwanga:
Mzee umesema neno, maana mama ana mtoto wake wa mwisho yuko Mtwara mwaka wa tatu hajaja sikukuu. Nimefikia hivi: tarehe 25 mchana watoto wakiwepo naweka Princess Switch, mapacha waliopotezana kama alivyosema BintiUjiji. Usiku wifi akishaondoka na wanae nitamuwekea mama Christmas Card, mimi na yeye, nitatafsiri polepole bila haraka ya pilau. Prince nitaiangalia mwenyewe mwezi wa kwanza, kwa ajili ya Emily tu, huyo mwandishi simtaki.

EmbeDodo_TBR:
Andaa leso. Ile sehemu dada anajua kumbe kadi ilifika, mi huwa sijiwezi.

Gungu_Finest:
Na shemeji atakuwa wapi muda huo wote?

MamaKeki_Mwanga:
Anageuza migebuka jikoni.

Gungu_Finest:
Mwambie aje Gungu, nina flashi ya risasi.