Mjadala: Kumbi za pinboli ziongeze taa, au wenye macho ya uzee tujipange?

Wadau, nimekaa Chicago miaka mingi, na huku ndiko kwenye chimbuko la pinboli: ile mashine ya mteremko yenye kioo juu, unapambana gololi ya chuma isitumbukie kwa kuipiga na flipa, vile vijiti viwili vya chini. Flipa za umeme zenyewe zilianzia mji huu mwaka 1947. Nina miaka 61 na bado nashindana. Ninachotaka ni kimoja: siku ya mashindano taa ziongezwe.

Juzi gololi ilikuwa juu kushoto, naiona vizuri. Taa nyeupe za mashine zikamweka, zikazima, na kwa muda wa pumzi moja sikuona kitu. Ilipojitokeza tena ilikuwa inapita katikati ya flipa. Mkono haukuchelewa, jicho ndilo lililochelewa.

Sijitetei. Mboni ya mtu mzima haipanuki gizani kama ya kijana, na lenzi ya jicho inakuwa nzito na ya manjano. Wataalamu hukadiria kuwa retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi ya mwanga anaoupata wa miaka 20. Lenzi hiyohiyo hutawanya mwanga, ndiyo maana taa kali ikikupiga unakawia kurudi kuona. Mwenye mtoto wa jicho ndiyo kabisa.

Vijana wananiambia taa za dari zinaakisi kwenye kioo na kuficha gololi. Hapo wana haki. Lakini taa ndogo yenye kifuniko, ikifungwa ubavuni mwa mashine na kuelekezwa kwenye ubao inapokimbia gololi, haimmuliki mtu usoni.

Wengine wananiambia, "Mzee, vaa miwani." Nimevaa! Miwani ya sehemu mbili, ile ya chini imepimwa kwa kusomea, kama sentimita 40 hivi. Flipa ziko mbali zaidi ya hapo, nawe unazitazama kwa kushusha macho, kwa hiyo unazionea kwenye sehemu hiyohiyo ya kusomea. Ukungu mtupu, pale pale mchezo unapoamuliwa. Nilipima kwa futi kamba kutoka jichoni hadi kwenye flipa, nikampelekea daktari vipimo, akanitengenezea miwani ya umbali huo tu. Ukungu umeisha. Giza liko palepale, maana miwani haiongezi mwanga.

Tena tukumbuke wanaoupenda mchezo huu ni wa rika gani. New York iliupiga marufuku tangu miaka ya 1940 hadi 1976. Kijana aliyekuwa na miaka 16 ulipofunguliwa, leo ameshapita 60.

Nikishindwa kwa mkono mzito, nampa mshindi mkono bila kinyongo. Giza ni jambo jingine, hilo analipanga mwenye ukumbi.

Mliovuka 50, huko mnakocheza mnaruhusiwa kuja na taa zenu? Na ninyi vijana, taa ikiongezwa, mnapoteza nini hasa?