Isamilo juu: wapewe hati au wahamishwe?

Bwana Ramani (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kwa wasioijua Mwanza, Isamilo ni mlima ulio nyuma ya mji, unaufikia kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Chini kuna viwanja vikubwa vya enzi za mkoloni, bangaloo, miti ya kivuli, barabara ya gari. Ukipanda, barabara inaishia njiani na zinaanza nyumba zilizobanana kati ya majabali hadi kileleni. Sasa zoezi la urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatambua makazi yasiyopimwa, linaendelea, na watu wa juu nao wanadai hati.

Mimi nasema hapana. Mkoloni aliuacha ule mlima wazi kwa sababu: mawe, maporomoko, hakuna pa kupitisha gari la zimamoto. Kumpa mvamizi hati ni kumpongeza. Wahamishwe kwa utaratibu, mlima uwe wa utalii. Tusisahau kwamba pale ndipo Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipoligundua Ziwa Victoria mwaka 1858. Nchi za wenzetu pangekuwa na kiingilio. Karibuni, hoja kwa hoja.

Mama Ngazi
Mvamizi ni nani? Baba yangu alikatiwa kipande pale na mwenyeji, mbele ya balozi wa nyumba kumi, karatasi ikaandikwa, na mashahidi wengine bado wako hai. Kodi ya jengo mnatukata kwenye luku. Mita ya umeme mmeleta wenyewe, nguzo mmezisimamisha wenyewe. Siku ya kukata kodi mimi ni mwenye nyumba, siku ya hati nimekuwa mvamizi?

Ngosha Mrefu
Ngoja kwanza. Speke "aligundua"? Sisi babu zetu walikuwa wanakunywa maji ya wapi, ya kwenye chupa?

Kijana wa Kirumba
😂😂 Walikuwa wanavua samaki gizani wakisubiri mzungu aje awashe taa.

Bwana Ramani
Nilijua tu. Nimeandika mistari kumi kuhusu mipango miji, mmeng'ang'ania neno moja. Mama Ngazi, kulipa kodi ya jengo hakukupi haki ya ardhi. Hata mwenye kibanda kwenye hifadhi ya barabara anaweza kuwa na luku.

Sangara Mkavu
Huyo si alikuwa Stanley? Shuleni tulifundishwa Stanley alikuja na mashua akazunguka ziwa lote.

Mzee wa Pasiansi
Stanley ni 1875, na mashua yake ya kuunganisha vipande, *Lady Alice*. Speke alitangulia, alifika 3 Agosti 1858. Mwenzake Burton alibaki Tabora, siku hizo Kazeh, anauguza mwili. Na wala Speke hakubahatisha. Kule Tabora mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, alikuwa ameshawaeleza wote wawili kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa, watu wa misafara wakiliita Ukerewe. Alipanda akijua anakwenda kuona nini. Na hakupanda peke yake: alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akawa mkalimani na kiongozi wa safari. Kama ni kiingilio, mgao wa Bombay uko wapi? Kilima chenyewe Speke alikipachika jina la Somerset. Hakuna aliyelishika.

Ngosha Mrefu
Wabheja sana mzee. Somerset! Yaani kapanda asubuhi moja, kashuka na majina mawili mfukoni.

Muhaya Mpole
Kwa taarifa yenu, upande wa Bukoba sisi tulikuwa na falme zilizopangika. Nyie mlikuwa mnachunga ng'ombe hata ufukweni hamfiki. Kuhusu ziwa tuachieni wenye ziwa.

Ngosha Mrefu
Haya, ameingia. Mmepanga vyumba Mwanza nusu ya Kirumba halafu ziwa ni lenu. Wakerewe, ambao jina la kisiwa chao lilibebwa na ziwa zima, wamenyamaza, wewe unapiga kelele.

Muhaya Mpole
Nimepanga? Mimi nina nyumba tatu Nyasaka, zimepimwa. Uliza vizuri.

Kijana wa Kirumba
Nyumba tatu na bado anaandika kwa bando la kuazima. Punguza povu, mkuu.

Dada wa Miembe
Naomba turudi kwenye mada. Nimekulia Isamilo chini. Simchukii mtu wa juu, ila tuseme ukweli wenye harufu. Mvua kubwa ikianza usiku, kuna watu wanafungulia vyoo, maji yanashuka nayo. Asubuhi mtaro wa mbele ya geti letu haupitiki. Kipindupindu kikiingia hakichagui mwenye hati na asiye na hati. Hilo ndilo linaniuma, si Speke.

Mama Ngazi
Dada, kwa hiyo choo tuchimbe wapi? Unajua kuchimba shimo kwenye jabali? Ndoo mbili za udongo, halafu unagonga mwamba. Fundi anakwambia mama, hapa nipe baruti. Ndiyo maana mradi wa mabomba ya majitaka milimani ulipokuja, yale membamba yanayopitishwa juu ya mawe na kaya kadhaa zinaunganishwa pamoja, tulipigania kuunganishwa. Mradi uliweza kufika bila kumhamisha mtu. Mleta mada hilo halitaji, kwa sababu halina picha ya mtalii.

Bwana Ramani
Nalijua. Mabomba hayo hayakufika kila nyumba. Na wewe unajibu kwa hasira, nami nazungumzia usalama. Jiwe likiporomoka usiku utaita nani?

Mama Ngazi
Hasira ninayo, sikatai. Nikueleze usalama usioonekana kwenye ramani yako. Ukuta wa nyuma wa chumba cha mama yangu ni jiwe lenyewe. Fundi alijenga kuta tatu, ya nne Mungu aliiweka zamani. Masika jiwe linatoa jasho, godoro tunalivuta katikati ya chumba. Baba alipofariki, jeneza lilishushwa kwa zamu: pale kwenye uchochoro wa majabali mawili wanapita wawili tu, mmoja mbele mmoja nyuma, wengine wanapanda juu ya mawe kushika kamba. Nataka ngazi za zege, na reli ya kushikia. Hati nitaiwekea rehani wapi, benki gani itapanda kuja kuikagua?

Sangara Mkavu
Pole sana dada. Halafu, Speke si ndiye aliyejiua?

Mzee wa Pasiansi
Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, Septemba 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na Burton hadharani kuhusu chanzo cha Nile. Wako wanaosema ajali, wako wanaosema alijiua. Lakini Sangara, mama wa watu anazungumzia jeneza la baba yake.

Mpima Ardhi Mstaafu
Ninayesoma hapa nimeshika teodolaiti, kile chombo cha kupimia viwanja, miaka mingi. Mleta mada anakosea sehemu moja: mkoloni hakuuacha mlima wazi kwa huruma ya mazingira. Reli ilifika Mwanza 1928, vibarua na wachuuzi wakaongezeka, na kwenye mpango wa mji kulikuwa na uzunguni na uhindini. Mswahili wa kipato kidogo alitafuta mahali pasipotakiwa na mtu lakini karibu na kazi. Pakabaki juu ya mawe. Ukimhamishia pembezoni mwa jiji, nauli ya kila siku itamrudisha, atapanga chumba kwenye mlima mwingine. Igogo na Mabatini hujaona?

Ngosha Mrefu
Kwani mzee kampuni iliyokusanya hela zetu za upimaji ikapotea na ramani, ni wanafunzi wako?

Mpima Ardhi Mstaafu
Matusi sitaki.

Muhaya Mpole
Kwa hiyo mmekubali jina lilikuwa Ukerewe? Basi si la Wasukuma. Asanteni.

Ngosha Mrefu
Umerudi tena?

Dada wa Miembe
Mama Ngazi, ngazi za zege mkipitisha kwenye uchochoro wa nyuma ya shule, maji ya mvua yatapita wapi? Bila mtaro pembeni mtakuwa mmetutengenezea mto.

Mama Ngazi
Mtaro upo kwenye mchoro tuliopeleka serikali ya mtaa. Njoo kwenye kikao, tunakaa Jumapili baada ya ibada. Watu wa chini huwa hamji.

Kijana wa Kirumba
Wakuu, kuna dalali humu? Natafuta chumba na sebule Isamilo, iwe chini, magoti yangu si ya kupanda.

Mama Ngazi
Chini watakutajia bei ukimbie. Juu kipo, kina umeme, maji kwa dumu. Ziwa lote unaliona ukiwa umelala.

Kijana wa Kirumba
Nitalipa kiingilio kwa Bwana Ramani?