Binti yangu anaenda kusoma Sendai, Japani. Ikitokea tena kama Fukushima, afanye nini?

MamaSalha_Tanga

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada, na anayejua kwa kuona kwa macho yake ndiye anijibu kwanza.

Binti yangu amepata nafasi ya shahada ya uzamili Sendai, anatakiwa kuripoti mwishoni mwa Septemba. Furaha ilikuwa tele mpaka baba yake alipofungua ramani kwenye simu, akaona Fukushima, kule kulikotokea ajali ya kinu cha nyuklia 2011, iko chini kidogo tu ya Sendai. Tangu hapo hataki kusikia habari ya tiketi. Jana kaka mtu naye kaongeza lake: upande wa pili, Onagawa, kuna kinu kingine cha nyuklia kilichozimwa 2011 na kuwashwa tena 2024. Yaani mtoto wangu atakaa katikati.

Kila mtu ana lake. Shangazi yake anasema aanze kula kwa wingi chumvi yenye madini joto. Jirani anasema tununue vidonge vya iodini, awe anameza kimoja kila wiki. Mwingine kanitumia ujumbe kwamba samaki wa Japani hawaliki. Mimi nafundisha darasa la tatu, mambo ya mionzi siyajui. Ninachotaka: ikitokea tena, afanye nini saa ya kwanza, na aweke nini chumbani kwake?

Nawasilisha.

Mzigua90

Mama, mimi ningemzuia. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka usiku wa kuamkia 26 Aprili 1986, na watu wa Pripyat, mji uliokuwa mlangoni mwa kinu, walikaa na watoto wao nje kama kawaida mpaka kesho yake mchana ndipo mabasi yakaja. Wakaambiwa wabebe vitu vya siku tatu. Hawajarudi mpaka leo. Serikali ikiwa na jambo kama hili husema ikiwa imeshachelewa. Shule zipo nyingi duniani.

Mpemba_wa_Tohoku

Mama Salha, shikamoo. Mimi nilikuwa Sendai siku ile, Ijumaa tarehe 11 Machi 2011, mke wangu ana mimba ya miezi sita. Nitakueleza tulivyoishi nalo, kisha uamue na mzee.

Tetemeko lilianza saa nane na dakika 46 mchana. Lilipotulia umeme ulikuwa umekatika na theluji inaanguka. Tukiwa bado tumeshikana mlangoni, jirani yetu, bibi wa miaka sabini na kitu, akaingia bila hodi, akaenda moja kwa moja bafuni akafungua bomba la lile beseni refu la kuogea. Hakusema neno. Maji yakatoka, yakapungua, yakawa uzi, yakakata. Beseni lilikuwa limefika nusu. Yale ndiyo maji tuliyotumia chooni na kunawia mpaka tulipoondoka. Mimi ningekaa kitako nikipiga simu zisizopatikana.

Habari za kinu sisi hatukuwa nazo. Ninyi wa Tanga na Pemba mliiona Fukushima kwenye runinga kabla yetu tuliokuwa kama kilomita 95 kutoka pale, kwa sababu sisi tulikuwa gizani. Jumamosi alasiri jengo la kinu namba 1 linalipuka, mimi niko kwenye foleni ya duka, nasubiri zamu yangu ya vitu vitano. Tulisikia usiku, kwa redio ya yule bibi, ile ya kuzungusha mkono. Yeye anazungusha, mke wangu anasikiliza na kunitafsiria, kwa kuwa Kijapani chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Bahari ilipanda kwenye kinu kimo cha mita 14 hivi, jenereta za dharura zikazama, hakuna kilichobaki cha kupoza vinu. Jumatatu likalipuka jengo la namba 3, Jumanne alfajiri namba 4.

Mama, sasa sikiliza hili, maana linakuhusu wewe zaidi ya binti. Simu ziliporudi, nyumbani ndiko kulikotutia wazimu. Mama yangu analia. Mjomba kasikia mvua ya sumu itafika Tokyo. Shemeji anauliza tunangoja nini. Kwa siku moja nilipokea simu zaidi ya thelathini, betri yangu ikaishia kwenye vilio. Rafiki yangu mmoja, naye alikuwa anasoma pale, alishindwa kuvumilia. Akaingia kwenye gari na kushika barabara ya kusini kwa kuwa ndiyo njia ya Tokyo aliyoizoea. Maana yake alielekea huko huko. Petroli ikamwishia jirani na mji wa Fukushima na hakuna kituo chenye mafuta. Akalala ndani ya gari usiku wa tarehe 15. Ndio usiku ule ule ambao upepo ulikuwa umegeukia kaskazini-magharibi, na mvua na theluji zikayashusha chini yale mavumbi ya mionzi. Yu mzima, alhamdulillah, lakini mpaka leo akiumwa kichwa tu anaogopa. Nasi tuliobaki chumbani Sendai tulikuwa salama kuliko yeye aliyekimbia.

Mionzi haitembei kwa duara, inafuata upepo na mvua. Serikali ilichora duara: kilomita 3, usiku wa siku ya kwanza, kisha 10, kisha 20, na waliokuwa kati ya 20 na 30 wakaambiwa wajifungie ndani. Kijiji cha Iitate karibu chote kiko nje ya duara la 30, na kikapata mionzi mingi kuliko sehemu nyingi zilizokuwa ndani. Wenyewe waliambiwa wahame Aprili. Watu wa mji wa Namie, jirani na kinu, walikimbilia kitongoji chao cha Tsushima, palepale upepo ulipokuwa unaelekea. Hesabu za kompyuta za kukisia upepo zilikuwepo, zikatolewa kwa wananchi tarehe 23 Machi. Kwa hiyo ndugu Mzigua90 hajakosea, serikali huchelewa, na hilo lilinikera na linanikera bado.

Ila kukimbia nako kuliua. Wagonjwa na wazee walipakiwa kwenye mabasi, wakazungushwa saa nyingi bila dawa wala huduma. Katika mkoa wa Fukushima, vifo zaidi ya 2,000 vimeandikwa kuwa vimetokana na dhiki ya kuhama na maisha ya makambini, wengi wazee. Kwa upande wa mionzi yenyewe, serikali imekiri kifo cha mfanyakazi mmoja wa kinu aliyepata saratani ya mapafu.

Sisi tulifanya hivi. Madirisha yakafungwa, matundu ya hewa tukayaziba kwa nailoni na gundi ya karatasi, taulo lililoloweshwa chini ya mlango. Aliyetoka nje kuleta chakula anavua koti na viatu mlangoni, koti linaingia kwenye mfuko, ananawa mikono na uso kwa kikombe kimoja cha maji ya beseni. Nguo hazianikwi nje. Tarehe 18 tulipata basi la kwenda Yamagata, magharibi, tukakata hadi Niigata na kushuka Tokyo kwa treni. Tuliondoka kwa sababu gesi ilikuwa imekatika, chakula kigumu, na mjamzito hawezi kulala kwenye baridi ile.

Tokyo nako hatukupumzika. Tarehe 23 wakatangaza kwamba maji ya bomba kwenye mtambo mmoja yana iodini ya mionzi bekereli (kipimo cha mionzi) 210 kwa kilo, na kikomo cha watoto wachanga ni 100. Cha watu wazima kilikuwa 300. Kabla ya jioni hakuna chupa ya maji dukani. Jiji likagawa chupa tatu za mililita 550 kwa kila mtoto mchanga. Wangu alikuwa bado tumboni, hatukuwa kwenye orodha. Niliingia maduka 11 siku ile. La mwisho, muuzaji alimtazama mke wangu, akaingia ndani akatoka na chupa moja, nadhani ilikuwa ya kwake. Iodini ile nguvu yake hupungua nusu kila siku nane, kipimo kikashuka haraka. Mwanangu alizaliwa Juni, na sasa ananizidi urefu.

Nesi_Antwerpen

Mama Salha, jambo. Mimi ni mtu wa Bukavu, nafanya kazi ya unesi Antwerpen, Ubelgiji. Kinu cha Doel kiko karibu na mji wetu. Tangu 2018 maduka ya dawa hapa yanatoa vidonge vya iodini bure, na mimi ninavyo kwenye kabati la jikoni. Kwa hiyo niongee kuhusu vidonge tu.

Tafadhali asimeze kila wiki! Kile kidonge kina kazi moja: kinaijaza tezi ya shingo iodini safi ili ile ya mionzi ikija ikute nafasi imejaa. Hakizuii sizi (cesium), sumu nyingine ya mionzi inayokaa miaka mingi. Kinamezwa mara moja, muda mfupi kabla ya wingu kufika au likiwa ndiyo linafika, pale mamlaka zinaposema. Ukimeza ovyo unaiharibu tezi yenyewe. Wanaopewa kwanza ni watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Mtu wa zaidi ya miaka 40 faida yake ni ndogo.

Chumvi haisaidii. Mwaka 2011 Wachina walimaliza chumvi madukani kwa wazo hilo hilo la shangazi. Ili upate iodini ya kidonge kimoja ungekula kilo kadhaa kwa mpigo, na chumvi hiyo ingekuua kabla. Na ile dawa ya kahawia ya kupaka kwenye vidonda isinywewe kabisa, nimeshaona watu wanashauriana hivyo.

MamaSalha_Tanga

Mungu awabariki. Hili la simu thelathini limenichoma, maana najijua, ningekuwa wa kwanza. Nimemsomea baba yake yote, akanyamaza, halafu akauliza mambo matatu: Onagawa ikoje, samaki je, na huyo mtoto abebe nini. Amesema pia atampa redio yake ya betri.

Mpemba_wa_Tohoku

Onagawa ni kama kilomita 60 kutoka Sendai. Ilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko kuliko Fukushima, lakini waliijenga juu, karibu mita 15 kutoka usawa wa bahari, na ikazima salama. Wanakijiji zaidi ya 300 ambao nyumba zao zilichukuliwa na maji walipewa hifadhi ndani ya eneo la kinu. Lakini simwahidi mzee kwamba haitatokea.

Samaki ale. Tangu Aprili 2012 kikomo chao cha sizi kwenye vyakula vya kawaida ni bekereli 100 kwa kilo. Kikomo cha Ulaya cha wakati wa ajali ya nyuklia ni 1,250.

Vitu avinunue hukohuko, vinauzwa kila mahali: maji lita 10 yasiyoguswa, chakula kisichohitaji moto, tochi, barakoa, nailoni na gundi ya karatasi, dawa zake, noti ndogo na sarafu za yen 10. Simu za umma zilifanya kazi wakati zetu hazishiki. Viatu viwe chini ya kitanda, kwa sababu ya vioo. Na ramani ya karatasi yenye njia ya Yamagata imechorwa kwa kalamu, asije akashika barabara ya kusini kwa mazoea.

Tena kuna namba 171. Anapiga, anaacha ujumbe wa sauti kwamba mzima, na mtu mwingine aliyeko Japani anausikiliza kwa kutumia namba ya simu ya binti. Atafute rafiki mmoja wa Osaka au Fukuoka wa kuusikiliza, huyo awapigie ninyi. Na kwenu achaguliwe mtu mmoja wa kumpigia binti. Mmoja tu. Andikeni jina lake kabla hajapanda ndege, na shangazi asome.

Redio ya mzee, mwambie namshukuru lakini abaki nayo. FM ya Japani inaanzia 76, zetu huku zinaanzia 87 na kitu, itakosa stesheni nyingi. Anunue kule ya kuzungusha mkono, na siku ya kwanza aizungushe mpaka apate NHK, redio ya umma ya Japani, aweke alama ya kalamu hapo.