MREJESHO: Picha za harusi ya Kagunga zimekaa sawa

Wakuu, niliuliza kwa nini picha za simu na za kamera zikichanganywa na kupangwa kwa saa, maharusi wanatoka kanisani kabla hawajaingia. Mdau aliyesema nitazame mpaka wa Burundi, maana Kagunga ni kijiji cha mpakani Kigoma, alilenga penyewe. Simu ilidaka mnara wa Burundi, ikarudi saa moja nyuma: kule ni UTC+2 (saa mbili mbele ya UTC, saa ya kimataifa), Kigoma ni UTC+3. Kamera haina laini, ikabaki na saa zetu.

Nilifungua taarifa za EXIF, zile zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha. Saa ya kupiga picha huandikwa bila kutaja ukanda wa saa. Nafasi ya kuandika tofauti na UTC iliongezwa kwenye EXIF toleo la 2.31, mwaka 2016, na kamera yangu ni ya zamani. Simu, afadhali, iliandika +02:00. Nikalinganisha na saa ya GPS, ambayo daima ni UTC: 07:10 ni saa nne na dakika kumi asubuhi kwetu. Ikakubali.

Basi kwa ExifTool, programu ya kuhariri taarifa hizo, nikasogeza picha za simu tu saa moja mbele na kuandika +03:00, kwenye nakala. (Aliyeshauri nibadili majina ya faili moja moja, hapana jamani.) Zimebaki video, nyingi hutunza saa ya UTC, hizo nitazishughulikia kivyake.