Saratani ya vulva (sehemu ya nje ya uke): je, tezi zote za kinena huondolewa?

Binti wa Moshi: Shikamooni. Mama yangu mdogo ana uvimbe mmoja wa sentimita 3, na daktari amependekeza kuondoa tezi zote za kinena. Je, ni lazima?

Mama Tumaini: Marahaba, mwanangu. Utafiti wa GROINSS-V, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kwa uvimbe mmoja usiofika sentimita 4, ikiwa tezi ya kwanza inayopokea limfu (majimaji ya mwilini) kutoka kwenye uvimbe haina saratani, nyingine huweza kuachwa, na miguu huvimba kwa nadra zaidi.

Muuguzi Arusha: Hata hivyo, njia hiyo huhitaji dawa ya mionzi ya kuitambua tezi na mpasuaji mzoefu, pasipo navyo, kuziondoa zote si uzembe. Kwa kuwa kirusi cha HPV huweza kuwa chanzo cha saratani hii na ya mlango wa kizazi, apimwe pia mlango wa kizazi.